Vilima vya Bukavu na Majina Yake

Leo tuongee majina ya vilima. Nataka tuyaseme yale ambayo kila mtu anayajua, kisha twende kwenye yale madogo yanayojulikana na wazee peke yao, kwa maana hayo ndiyo yananikosesha usingizi.

Tuanzie hapa Muhumba. Ukimwambia motari akupeleke Muhumba, mtapatana bei na mtaondoka. Hakuna atakayeuliza jina hilo limetoka wapi. Muhumba ni rasi, kilima kilichoingia Ziwa Kivu pamoja na wenzake. Watu wetu hupenda kusema Bukavu umechovya vidole vitano majini, na Muhumba ni kimojawapo. Kwa makaratasi ya serikali tuko kartie Nyalukemba, komini ya Ibanda. Mgeni akifika leo ataona nyumba za zama za Wabelgiji, bustani, kuta ndefu, mageti ya chuma, walinzi kwenye viti vya plastiki. Kilima chenyewe hatakiona mpaka atakapokipanda kwa miguu, akasikia magoti yakimwambia.

Jina la Muhumba halikuletwa na nyumba hizo. Lisikilizeni mwanzo wake, halafu lipangeni pamoja na Mudaka, Mumosho, Murhesa, Mulungu. Hayo yote ni majina ya Bushi, ya nchi ya Bashi waliokuwa wakilima na kuchunga kwenye miteremko hii kabla mtu yeyote hajaleta ramani. Muhumba ni mtoto wa ukoo huo. Kuta zimekuja juu yake, na jina limekaa.

Hebu tazameni majina mengine yaliyopita hapa. Wabelgiji walipofungua kituo chao mwanzoni mwa karne iliyopita, walikiita Nya-Lukemba, kwa jina walilolikuta. Wakati ule mpaka wenyewe ulikuwa bado unagombaniwa. Wajerumani walikuwa ng'ambo, Wabelgiji huku, na ni mapatano ya mwaka 1910 yaliyokata shauri kwamba Ruzizi iwe mpaka na kisiwa cha Idjwi kiwe upande wa Kongo. Baadaye, mji ulipoanza kupangwa, likatafutwa jina la heshima, nao ukaitwa Costermansville. Paul Costermans alikuwa afisa Mbelgiji, Naibu Gavana Mkuu wa Dola Huru ya Kongo, aliyefariki mwaka 1905. Jina lake likapanuka hata likafunika mkoa mzima: kuanzia 1933 hadi 1947 mtu wa Uvira, mtu wa Goma na mtu wa Kindu wote walikuwa, kwa karatasi, watu wa mkoa wa Costermansville. Halafu katika miaka ya 1950, Wabelgiji wenyewe wakiwa bado wanatawala, jina la wenyeji, Bukavu, likarudishwa.

Nataka tusimame kidogo hapo. Jina halirudi kama hakuna anayelikumbuka. Kwa miaka yote ile barua zilipigwa muhuri wa Costermansville, ramani zikachapishwa hivyo, na bado, siku ya kulirudisha, jina la zamani lilikuwepo, zima, linatamkika. Kuna watu walilihifadhi bila ofisi wala kamati. Kina mama walioteremka kutoka Kabare na mizigo ya mihogo na ndizi mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, hawakuwa na haja ya kujua Costermans ni nani. Walikuwa wanakwenda mahali wanapopajua.

Jirani zetu La Botte wana hadithi nyingine. Kwa Kifaransa la botte ni buti, na kweli, ukiitazama rasi ile kwenye ramani utaona umbo la buti. Lakini nenda ukasimame pale La Botte penyewe. Utaona maji kulia na kushoto, miti, paa za nyumba, milima ya Rwanda upande wa pili. Buti hulioni hata ukizunguka kutwa. Jina lile limetolewa na mtu aliyekuwa akiitazama nchi kutoka juu, kwenye karatasi iliyotandikwa mezani. Majina ya wenyeji yametolewa na watu waliokuwa wamesimama ndani ya nchi, wakiihesabu kwa hatua. Silichukii jina la La Botte, limekwisha kuwa letu, watoto wamezaliwa pale na wanalipenda. Ninachosema ni kwamba ukitaka kujua mwenye jina alikuwa wapi alipolitoa, jina lenyewe mara nyingi litakuambia.

Tuna majina pia ya watu tuliowaheshimu. Place Mulamba inamkumbuka Kanali Léonard Mulamba, aliyeongoza ulinzi wa Bukavu mwaka 1964 wakati wa vita vya waasi wa Simba na baadaye akawa waziri mkuu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa humu mjini tarehe 29 Oktoba 1996, ana mahali pake panapotajwa kwa jina lake, na mimi kila nikipita hapo napunguza mwendo. Wakati wa Zaire shule nazo zikabadilishwa majina: Kolegi ya Majezuiti iliyokuwa ya Notre-Dame de la Victoire ikawa Alfajiri, neno la Kiswahili safi. Na Panzi? Miaka ya 1990 ilipokuwa inaanza, nani nje ya Kivu alikuwa amesikia Panzi? Tangu Daktari Denis Mukwege aanzishe hospitali pale mwaka 1999, na zaidi tangu apewe Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, jina la kilima kimoja cha komini ya Ibanda linatamkwa Oslo, New York na Tokyo. Wanalitamka vibaya, lakini wanalitamka.

Sasa niseme jambo ambalo huleta ubishi kila likitajwa, nalo ni maana. Mtu wa Bukavu ukimuuliza maana ya jina la mahali, atakupa jibu papo hapo, na mara nyingi jibu hilo ameliokota ndani ya Kiswahili. Hapo ndipo tunapopotea. Kiswahili tunakiongea sokoni, kanisani, kwenye basi, kimetuingia hata tunakisikia mahali kisipokuwepo. Bukavu, mtu atasema, ni mahali pakavu. Jamani! Mji ambao mvua inaanza Septemba na inatunyeshea mpaka Mei, mji wa matope na ukungu, uitwe mkavu? Panzi, mtoto atakuambia, ni yule mdudu anayeruka kwenye majani. Mto Kawa, mwingine atasema, ni kwa sababu ya kawa, ile tunayokunywa asubuhi. Na Miti, pale njia panda ya kwenda Kavumu, basi ni miti tu. Sikio la Kiswahili limesikia lilichokizoea, na likaridhika.

Majina haya yalizaliwa ndani ya Mashi, lugha ya Bashi, na ni Mashi inayopaswa kuulizwa kwanza. Kwa Mashi ng'ombe ni nkafu, na maelezo ambayo wazee wengi wanatoa ni kwamba Bukavu ni Bunkafu, mahali pa ng'ombe. Mimi nayaamini, na si kwa sababu yanapendeza. Uko ushahidi unaoishi: nendeni komini ya Kadutu, mtakuta kartie nzima inaitwa Nkafu mpaka leo. Jina limebaki pale na sauti yake ya asili, wakati lile la mji mzima limepita kwenye kalamu za makarani wageni, n ikaanguka, f ikageuka v. Fikirini miteremko hii kabla ya mabati: majani, ng'ombe, mtoto na fimbo yake, ziwa kwa chini. Mji wetu umepewa jina la malisho.

Mashi, kama ndugu zake wote wa Kibantu, inaweka kazi kubwa mwanzoni mwa neno. Chukueni Ka. Kabare, Katana, Kaziba, Kavumu, Kadutu, Kasali, Kajangu, na huko juu Kahuzi. Kwa Mashi Ka hupunguza kitu, hukifanya kidogo. Wakati mwingine ni udogo wa kweli, wakati mwingine ni wa mapenzi au wa heshima iliyojificha. Jina la Kavumu, masikio ya watu wa Maziwa Makuu hulipeleka kwenye muvumu, ule mti wa ukoo wa mtini uliokuwa ukipandwa kwenye maboma na kushonewa mavazi kwa gome lake. Leo ukisema Kavumu watu wanafikiri ndege na uwanja wake. Halafu kuna Nya: Nyalukemba, Nyamugo, Nyakaliba, Nyakavogo, Nyangezi, Nyantende, Nyawera. Katika lugha nyingi za eneo hili Nya hubeba wazo la mwenye kitu, au mama wa kitu. Ukiyapanga hivyo unaanza kuona kwamba waliotoa majina walikuwa na utaratibu. Hawakuwa wanatupa sauti hewani.

Na kuna majina yaliyotoka kwa watawala. Kabare lilikuwa jina la mwami, likapita kwa waliomfuata, likawa jina la nchi na sasa la teritware nzima. Ngweshe nalo lilikuwa jina la mwami, likawa la nchi. Mtu alifanywa nchi, na nchi ikabaki mtu alipoondoka.

Ninyi mnaosafiri kwenda Goma mnaijua milima ya Virunga. Kule majina bado yanaongea waziwazi, na ni furaha kuyasikiliza. Sabyinyo, mlima ule uliokaa pale Kongo, Rwanda na Uganda zinapokutana, ni mzee wa meno. Ukiutazama kutoka mbali utayaona meno yenyewe, yamechongoka, mengine yamevunjika. Muhabura ni mwonyesha njia, maana unaonekana kutoka mbali sana na msafiri hawezi kupotea akiuweka mahali pake. Karisimbi ndio mrefu kuliko yote, mita 4,507, na kilele chake hupata weupe wa mvua ya mawe na theluji. Jina lake limetokana na simbi, kauri nyeupe. Hapa, kwa bahati nzuri, Kiswahili na Kinyarwanda vinakutana, maana hata kwetu simbi ni kauri. Mtu aliyetoa jina hilo alitazama juu asubuhi moja, akaona kitu cheupe, kidogo, safi, akakitaja. Nyiragongo nao tunaujua kwa moto wake wa Januari 2002 na wa Mei 2021, lakini wazee walishaupa sifa yake zamani: katika ibada za kale za Ryangombe, ndiko roho za wasioingizwa katika ibada hupelekwa kuteseka, na wale walioingizwa huenda kupumzika Karisimbi. Kwa hiyo jina la mlima lilikuwa pia ni mafundisho ya mtu ajiandae vipi.

Kilimanjaro nao ulipitiwa na jambo kama letu. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni akakipa jina la mfalme wa Ujerumani, na mwaka 1961 kilele kikaitwa Uhuru. Katikati ya mabadiliko hayo yote Kibo na Mawenzi, majina ya Wachaga, hayakuguswa.

Nchi iliyonifundisha zaidi katika habari hii iko mbali nasi, nayo ni Uskoti, kule kaskazini mwa Uingereza. Ni nchi ya vilima, mvua, ukungu na nyanda za majani zisizolimika, na vilima vyake vingi vina majina ya Kigaeli, lugha ambayo leo wanaoiongea ni wachache. Wagaeli walipenda kutaja vilima kwa rangi: kuna wa dearg, yaani mwekundu, wa dubh, mweusi, wa bàn, mweupe, wa gorm, ule ubuluu wa kuelekea kijani. Karne ya 19 wapima ardhi wa serikali walipita kila parokia kuchora ramani. Walikuwa maaskari na wengi hawakujua Kigaeli. Walikosea mengi. Milima maarufu ya huko leo dunia inaiita Cairngorms, kwa jina la kilele kimoja cha buluu, na Wagaeli wenyewe waliita safu ile Am Monadh Ruadh, vilima vyekundu. Safu moja, kwa jina moja ni ya buluu, kwa jina la pili ni nyekundu!

Lakini wapima ardhi wale walifanya jambo moja ambalo ningeomba tuliige bila kuona haya. Walikuwa na vitabu vya majina, na kila kitabu kilikuwa na safu zake. Safu ya kwanza jina. Ya pili, namna mbalimbali linavyoandikwa. Ya tatu, nani amethibitisha. Ya mwisho, maelezo ya mahali penyewe: ni kilima chenye mawe, ni kijito, ni zizi la kale. Kasoro yao ilikuwa kwenye ile safu ya tatu, kwa kuwa mara nyingi waliulizwa wenye ardhi, wachungaji wa makanisa na walimu kuliko yule mchunga kondoo aliyelala kwenye kilima. Hata hivyo leo, kizazi cha wajukuu kinapotaka kurudisha jina sawasawa, kinafungua kitabu na kuona nani alisema nini. Uskoti wana hata chombo chao cha kitaifa, Ainmean-Àite na h-Alba, ambacho kazi yake ni kuchunguza majina ya mahali ya Kigaeli na kushauri yaandikwe vipi.

Sisi je? Chukueni mfano wa karibu. Kartie moja ya Kadutu nimeiona ikiandikwa Cimpunda kwenye karatasi moja, Tshimpunda kwenye nyingine, na Chimpunda kwenye ubao wa duka. Ya kwanza ni tahajia ya Mashi, ya pili ni ya Wabelgiji, ya tatu ni ya Kiswahili. Mto wa mpakani ni Ruzizi kwetu na Rusizi kwa Wanyarwanda, maji ni yaleyale. Kisiwa ni Idjwi na ni Ijwi. Ile rh ya Mashi, ya Burhinyi, Irhambi, Murhesa, ina sauti yake ambayo mzaliwa wa Bushi anaijua ulimini. Karani asiyeijua huandika t, mwingine huandika r, na mtoto wa shule anayesoma alichoandikiwa anakua na jina lingine kabisa la kijiji cha babu yake. Ombi langu kwa wakuu wa kartie na walimu: mahali penye jina la Mashi, liandikwe kwa Mashi. Tumeshazoea kuandika majina ya Wazungu na vialama vyake vyote. Hatutashindwa na rh.

Sasa ndio nafika kwenye yale madogo.

Muhumba haitapotea. Nyalukemba, Panzi, Kadutu, Bagira hayatapotea. Yako kwenye vitambulisho, kwenye risiti, kwenye mabasi. Yanayopotea ni majina ya ndani yake. Kilima kimoja cha Bushi hakikuwa na jina moja. Kilikuwa na jina la kilele, jina la bega, jina la mteremko wa upande wa jua, jina la chemchemi, jina la bonde ambamo ng'ombe walikunywa, jina la mahali pasipolimwa, jina la njia ya kuteremkia ziwani. Mama aliyelima pale angeweza kumtuma mtoto kwa jina peke yake, na mtoto akafika. Leo fungua cheti cha parseli. Utakuta komini, kartie, avenyu, kisha herufi na namba. Namba inatosha kwa hakimu na kwa mpima. Haikwambii kwamba chini ya sebule yako palikuwa na chemchemi.

Na ardhi ya Bukavu haitaki kutojulikana. Funu, kule Kadutu, ni mteremko mzima unaotembea. Wanasayansi wameupima kwa setelaiti kwa miaka mingi, wakaandika mwaka 2022 kwamba kujenga kwetu juu yake kumeuongezea mwendo. Makumi ya maelfu ya watu wanalala juu ya mteremko huo, na kuta zinapasuka, na kila msimu wa mvua watu wanaziba nyufa kwa saruji. Mei 2023 tukasikia redioni Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, siku maji na mawe viliposhuka na kuzika watu zaidi ya mia nne. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kutaja vijiji hivyo. Tuliyajua majina kwa msiba.

Sisemi kwamba jina lingezuia mlima kuporomoka. Ninachosema ni hiki: wazee waliishi kwenye miteremko hii vizazi kwa vizazi, waliona wapi udongo unateleza, wapi maji hutoka baada ya mvua, na mengi ya waliyoyaona waliyaweka ndani ya majina, kwa kuwa hawakuwa na daftari lingine. Mhandisi anayetaka kujua mahali pa kupitisha mfereji angefaidika kukaa nusu siku na mzee wa Nyamugo kabla hajafungua kompyuta yake. Tazameni hata mito yetu ya mjini. Kawa na Wesha ni mito, ina majina. Leo wengi tunaiita mifereji, na kwa kuwa ni mfereji tunatupa chupa humo, chupa zinaingia ziwani, na ziwa linazisukuma hadi kwenye bwawa la umeme la Ruzizi, ambako zinajaa mpaka mashine zinakwama. Kisha umeme unakatika na tunalalamika.

Kuna jeraha moja kubwa zaidi ambalo siwezi kulipita. Siku ya anga safi tazameni kaskazini-magharibi, mtauona Kahuzi, mita 3,308, na mwenzake Biega, 2,790. Dunia inaijua hifadhi ya Kahuzi-Biega kwa ajili ya sokwe wakubwa. Ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980. Waliokuwa wakiishi ndani ya msitu ule ni Batwa, nao walitolewa katika miaka hiyo ya 1970, bila ardhi nyingine. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi kwa nguvu na kukawa na mapambano na vifo. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba haki zao zilivunjwa. Katika kesi kama hiyo watu wanaulizwa: mnajuaje kwamba ni kwenu? Mtu wa mjini angetoa karatasi. Mtwa wa msituni anataja. Anataja kijito, pango, mti wa asali, mahali babu alipolazwa, kimoja baada ya kingine, kwa majina, mpaka aliyeuliza anachoka kuandika. Hivyo ndivyo vyeti vyake. Kila mzee wa Batwa anayefariki kando ya barabara ya Miti au Kalehe bila mtu kumsikiliza anaondoka na vyeti hivyo, na hakuna mahakama itakayoweza kuvirudisha.

Methali za Bashi zimeshakusanywa. Kitabu cha Kagaragu cha mwaka 1976, kilichochapwa hapahapa Bukavu, kiko kwenye nyumba nyingi na watoto wanajibizana kwa methali zake. Padri Pierre Colle alikuwa ameandika juu ya desturi za Bashi tangu 1937. Kazi ileile inastahili majina ya miteremko, na haihitaji fedha za mradi wala semina hotelini.

Inahitaji daftari la kawaida la shule. Ninawaomba walimu wa darasa la tano na la sita, kuanzia hapa Ibanda hadi Kabare na Walungu, mfanye hivi likizo inapokaribia. Mtoto achore safu nne, kama zile za wapima ardhi wa Uskoti. Aende kwa bibi yake, au kwa mzee wa jirani kama bibi yuko mbali, asalimie vizuri, akae chini. Asiulize "jina hili maana yake nini", kwa sababu mzee atajisikia analazimika kujibu na ataweza kubuni. Aulize: "Nyanya, pale chini mlipokuwa mkichota maji palikuwa panaitwaje? Na kutoka pale ukipanda kwenda shambani, unapita wapi kwanza?" Aandike jina kama linavyotamkwa, na rh yake, na c yake. Kwenye safu ya tatu aandike jina la aliyesema, na jina la kilima alikozaliwa huyo mzee, kwa sababu aliyeolewa kutoka Nyangezi ana majina ya Nyangezi na ya huku, na yote mawili tunayataka. Safu ya nne, aeleze palivyo leo: pana nyumba, pana kanisa, pana barabara, pameporomoka. Kama mzee anakumbuka jina na hakumbuki maana, jina liandikwe na maana isibuniwe. Kama wazee wawili wamebishana, yaandikwe yote mawili.

Na mwenye simu amrekodi mzee akilitamka jina mara mbili, polepole, kisha asikilize tena papo hapo kabla hajaaga, ajue kama limeingia vizuri. Madaftari yatakayofika hapa redioni tutayasoma kila wiki, kilima kwa kilima. Tutaanza na Muhumba, halafu Nyalukemba, halafu tuvuke kwenda Kadutu, na wenye kusahihisha wapige simu wasahihishe hewani.